Saa Moja kwa Ajili ya U San Pwint

Nilimchukia Daw Saw Yin kabla sijalijua jina lake, na sababu ilikuwa kukoroma.

Ilikuwa Desemba, baridi imeshika, nami nilikuwa nimekwenda kukaa siku kumi katika kituo cha kutafakari kilicho nje kidogo ya mji wetu wa Pakokku. Wanawake tulikuwa thelathini na wawili ukumbini, kila mmoja na mkeka wake na mtandio wa kahawia begani. Mkeka wa Daw Saw Yin ulikuwa kushoto kwangu. Kengele ya kuanza haijamaliza mlio wake, kidevu chake kishagusa kifua, na puani mwake mnatoka sauti ya msumeno. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita. Mtoto aliyesinzia darasani kwangu nilimfinya mpaka akakumbuka jina la babu yake. Sasa nimekatazwa kusema, nimekatazwa kumgusa mtu, nimeambiwa nifuatilie tumbo langu tu, likipanda nijue limepanda, likishuka nijue limeshuka. Nilichofuatilia ni pua ya jirani.

Siku ya pili nikamkuta kwenye mtungi wa maji, ananawa uso. Akageuka akaninong'oneza, ingawa kunong'ona nako kulikatazwa.

"Mwalimu, nisamehe. Najua nakuudhi."

"Umejuaje kuwa mimi ni mwalimu?"

"Ulimfundisha mwanangu, Zaw Naing. Alikuwa anarudi nyumbani na alama za kucha mkononi."

"Alikuwa anasinzia."

"Amenirithi mimi," akasema, akajimwagia kata nyingine ya maji kichwani.

Hapo ndipo nilipomtambua. Ni yule mama wa mohinga wa karibu na soko. Nusu ya mji imemeza mchuzi wake wa kambare, na mimi mmoja wao, ila sikuwahi kumwona ameketi. Nilizoea kumwona amesimama, mwiko mkononi, mvuke usoni, anauliza nani aongezewe bajia. Kwa miaka thelathini na mmoja ameamka saa nane usiku, akasaga vitunguu na mchaichai, akachambua miba ya kambare kwa vidole, akakata moyo wa mgomba vipande vyembamba, akawasha kuni. Kukipambazuka wateja wamejaa. Kufikia saa nne chungu kimekwisha, naye anakwenda sokoni kununua samaki wa kesho. Mwili wake ulijifunza jambo moja tu kuhusu kukaa kitako, nalo ni kwamba ukikaa, lala upesi, maana nafasi haitarudi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejileta mahali ambapo kazi ya kutwa nzima ni kukaa. Nilifikiri amepotea njia. Nilimwambia hivyo siku ya tatu, tukifua nguo nyuma ya mabweni, mahali ambapo mtawa wa zamu hapiti sana.

"Dada Saw Yin, si ungekwenda kutoa sadaka hekaluni, ukaosha sakafu, ukapikia watawa? Thawabu ni thawabu."

"Nimeshafanya hayo yote. Hayatoshi."

"Hayatoshi kwa nini?"

Alikamua longyi yake ya kujifunga kiunoni mpaka tone la mwisho ndipo akanijibu. Mumewe, U San Pwint, alikufa Oktoba, siku ya nne baada ya sikukuu ya taa. Figo zilikuwa zimekwisha kabisa. Sisi mtu wetu akiwa anakata roho, aliye karibu naye humsomea aya sikioni, ili wazo lake la mwisho liwe jema na limbebe mpaka mahali pema. Kazi hiyo ilikuwa ya Daw Saw Yin. Alikuwa hajalala siku tatu, usiku wala mchana. Alianza kusoma mchana ule, midomo karibu na sikio la mume, akafika katikati ya aya.

"Nikalala," akasema. "Paji la uso ukingoni mwa kitanda, aya mdomoni. Mkamwana akaniamsha. Mume wangu alikuwa ameshakwenda."

Nilikuwa na povu mpaka viwikoni.

"Nilipolala, Mwalimu, mikono yake ilikuwa tumboni, nilimpangia mwenyewe. Nilipoamshwa, mkono wake mmoja ulikuwa kichwani kwangu. Huo mkono ulifikaje? Labda aliniita. Labda aliniita mara nyingi, na mimi nakoroma. Huwa naliwaza hilo kila nikikoroga chungu."

Alichotaka sasa kilikuwa kidogo, ukikitazama kwa mbali. Saa moja. Akae saa moja nzima ya kutafakari akiwa macho, kuanzia kengele mpaka kengele, kisha thawabu ya saa hiyo amgawie mumewe siku ya mwisho ya kukaa kwetu, maji ya kugawa thawabu yanapomiminwa. Saa aliyomwibia, amrudishie. Saa ya usingizi haifai, akasema, kwa sababu aliyelala hana nia, na kitu kisicho na nia hakina thawabu. Hilo nililijua pia. Nikajaribu hata hivyo.

"Lakini dada, miaka yote hiyo umekoroga chungu wakati mji mzima umelala, hukukiacha kikaungua hata siku moja. Si kutafakari huko?"

"Mwalimu, chungu changu hakikufa nimelala."

Tangu siku hiyo chuki yangu ikaisha, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, maana chuki angalau hukupa la kufanya. Sasa kila kengele ikilia nilikaa nikimwombea yule mwanamke kope zake. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Anaanza vizuri, mgongo wima, uso umekazwa. Dakika ya tano midomo inalegea. Dakika ya nane kichwa kinaanza kuinama, anakirudisha kwa kishindo, kinainama, anakirudisha. Dakika ya kumi hakirudi.

Kila baada ya siku moja tulikwenda wanne wanne kumweleza Sayado, mtawa mkuu wa kituo, yaliyotokea katika kukaa kwetu. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, ana maneno machache na masikio makubwa. Wengine walieleza mianga waliyoona na wepesi wa mwili. Daw Saw Yin alisujudu mara tatu akasema:

"Sayado, nimelala."

"Kabla ya kulala, uliona nini?"

"Niliona usingizi unakuja."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema moyoni, nasinzia, nasinzia, kama ulivyotufundisha."

"Kisha?"

"Nikalala nikiwa bado nasema."

Sayado hakucheka, ingawa mwenzetu mmoja alicheka. Akampa dawa za zamani, zile ambazo kila mtawa anazijua. Vuta masikio yako yote mawili. Jisugue mikono na miguu. Fumbua macho utazame mbingu. Waza mwanga mkali. Simama. Daw Saw Yin alizitumia zote, moja baada ya moja, kwa utiifu wa kutia huruma. Alivuta masikio yakawa mekundu, akalala ameyashika. Alifumbua macho, akalala yakiwa wazi, jambo ambalo sijawahi kuliona na sitaki kuliona tena. Siku ya sita alijaribu kusimama saa nzima kando ya nguzo. Alimaliza dakika ishirini, nami moyo wangu ukaanza kufurahi, kisha akaniangukia mimi. Tulikwenda chini pamoja na mkeka wangu, na wanawake thelathini wakafumbua macho kwa wakati mmoja.

Siku ya saba, Sayado alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama wa mohinga," akasema, "mimi mwenyewe nililala miaka mitatu ya mwanzo. Mwalimu wangu alinipiga kwa ufagio. Dawa nilizonazo nimekupa zote. Nyingine sina."

Nilitaka kulia. Kumwona mtoto ameshindwa somo ni jambo la kawaida, lakini mwalimu anaposema mbele za watu kwamba hana zaidi, hapo chumba kinapoa. Daw Saw Yin alisujudu mara tatu, akatoka kinyumenyume.

Sasa naja kwenye kosa langu. Sitalipaka rangi.

Kila aliyesoma shule katika nchi hii anajua kinachotuweka macho wakati wa mitihani. Ni lapet, majani ya chai yaliyovundikwa, tunayokula kwa ufuta na vitunguu saumu vya kukaanga. Viganja viwili vya lapet, na mwanafunzi atakodoa macho mpaka asubuhi. Mimi nilikuwa na kopo dogo ndani ya begi langu, dada yangu alinitilia. Nilikuwa sijaligusa. Humo kituoni tulishika miiko minane, na mmoja wake ni kutokula chochote baada ya saa sita mchana. Lakini siku ya nane, saa sita na nusu, nilimwona Daw Saw Yin amekaa ngazini anajipiga makofi mashavuni polepole, kulia, kushoto, kulia, na akili yangu ya ualimu ikaanza kupiga hesabu zake. Chai tunaruhusiwa kunywa mpaka jioni. Lapet ni nini kama si majani yaleyale ya chai? Nikitoa ufuta, nikitoa vitunguu, nikimpa majani matupu, hiyo ni dawa, si chakula. Nikajiona nina busara sana.

"Chukua," nikamwambia. "Tafuna, ushushie maji."

"Inaruhusiwa?"

"Ni chai tu."

Aliniamini, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Alikula kopo lote.

Kengele ya saa saba ikalia, ile saa mbaya kuliko zote, tumbo limejaa na jua limepiga bati. Mgongo wake wima. Dakika ya kumi, wima. Dakika ya thelathini nikasahau tumbo langu kabisa, nikawa nahesabu dakika zake. Macho yake yalikuwa yamefumba lakini kope zinacheza, jasho jembamba juu ya mdomo, mshipa wa shingo unapiga mbio. Hakuinama hata mara moja. Kengele ilipolia saa nane kamili, alifumbua macho akanigeukia, na uso wake siwezi kuueleza. Alikuwa msichana.

Jioni hiyohiyo aliomba kumwona Sayado nje ya zamu, nami nikaenda naye maana mwanamke hakai na mtawa peke yake. Alisujudu mara tatu haraka haraka.

"Sayado, nimekaa saa nzima. Sikulala."

Mzee alitabasamu, kwa mara ya kwanza katika siku nane. "Vizuri. Vizuri sana. Umefanyaje?"

"Mwalimu alinipa lapet."

Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo zaidi ya lilivyotakiwa. "Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Sayado," nikaingilia, "ilikuwa majani matupu. Bila ufuta. Chai tunakunywa mpaka jioni, na majani ni yaleyale."

"Chai hunywewa," akasema. Akamgeukia yeye, si mimi. "Mama, ulimeza kama dawa, au ulitafuna?"

Angeweza kusema amemeza. Nilimwomba kimoyomoyo aseme amemeza. Lakini kusema uongo ni mwiko mwingine kati ya ile minane.

"Nilitafuna."

"Basi ulikula."

Hakukasirika. Alimwambia amefanya bila kujua, kwamba kosa kubwa ni la aliyempa, achukue miiko upya kisha akae tena, bado ana siku moja. Alimtamkia miiko yote minane palepale, naye akairudia mmoja mmoja kwa sauti kavu. Tulipotoka nilitaka kumpigia magoti. Alinishika kiwiko.

"Usijali, Mwalimu. Ulinitakia mema."

"Nimekuharibia."

"Saa ilikuwa tamu," akasema. "Lakini siwezi kumpa mume wangu kitu cha wizi. Nilishamwibia mara moja."

Siku ya tisa alikaa vipindi saba. Alilala vyote.

Siku ya kumi ilikuwa ya kugawa thawabu. Chakula cha siku hiyo kilikuwa sadaka yake kwa jina la mumewe, na aliomba ruhusa apike mwenyewe. Alikuwa jikoni tangu saa nane usiku, na niliposhuka alfajiri nilimkuta amesimama mbele ya chungu kikubwa cha kituo, macho makavu, anawaamrisha Zaw Naing na mkewe huku na huku. "Chumvi hiyo unampikia nani, ng'ombe?" Hakuwa na hata dalili ya uchovu. Watawa walikula, sisi tukala baada yao, na sijawahi kula mohinga kama ile.

Saa nne tukakusanyika ukumbini. Aliyetoa sadaka ndiye anayemimina maji. Unakuwa na kikombe na bakuli, Sayado anasoma, nawe unamimina tone baada ya tone, moyo wako kwenye tone na kwenye jina la unayempa, mpaka kisomo kiishe. Kabla hatujakaa alinivuta kando.

"Kaa karibu yangu. Ukiniona nasinzia, nifinye."

"Hapa mbele za watu wote?"

"Kama ulivyomfinya Zaw Naing. Usinionee huruma. Sina saa ya kumpa, nimeshakubali. Angalau maji haya niyamimine nikiwa macho, nimtajie jina lake."

Akapiga magoti, mtandio begani, kikombe mkononi. Sayado akaanza kusoma. Ana sauti moja, haipandi wala haishuki, na ukumbi ulikuwa na joto, na matumbo yamejaa. Tone. Tone. Tone. Nilikuwa nautazama mkono wake. Alianza kupunguza mwendo, nikadhani ni uangalifu. Kisha tone likaning'inia mdomoni mwa kikombe na halikuanguka.

Nilimfinya juu kidogo ya kifundo cha mkono. Hakutikisika. Nikamfinya tena, safari hii kwa kucha, kwa nguvu zilezile nilizoacha shuleni. Nikazungusha. Ngozi ilikuwa nyekundu chini ya vidole vyangu, na yeye alikuwa anapumua taratibu, mdomo wazi kidogo. Nilimwita sikioni, "Saw Yin. Saw Yin." Ilikuwa kama kuita ndani ya kisima. Nyuma yetu mwanawe alianza kunyoosha shingo aone kuna nini.

Kisomo hakisimamishwi. Nilipitisha mkono wangu chini ya wake, nikauinamisha, na maji yakaendelea. Sayado aliinua macho, akaona, akayateremsha, akaendelea kusoma. Ilipofika mahali pa kutaja jina nikasema mimi, "U San Pwint," kwa sauti iliyokwaruza, jina la mtu ambaye sikuwahi kumsalimu, na nikahisi aibu na huruma kwa pamoja, sijui kwa nani zaidi. Kikombe kikawa chepesi.

Watu wote wakaitikia "thadu" mara tatu kuipokea thawabu. Ya kwanza hakuisikia. Ya pili kope zikacheza. Ya tatu akafumbua macho, akatazama kikombe kitupu mkononi mwake, akatazama bakuli lililojaa.

"Yameisha," akasema polepole. Uso wake ulianza kufunguka. "Mwalimu, yameisha yote."

"Yameisha yote," nikajibu. Huo ulikuwa ukweli, na nilishukuru kwamba hakuuliza zaidi.

Watu walianza kuinuka, kukunja mikeka, kuongea kwa sauti baada ya siku kumi za kimya. Alinyoosha mkono kuchukua bakuli. Mkono wa blauzi ukapanda, naye akaona. Alama nne za kucha, moja ikitoa damu. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Ulinifinya."

"Nilikufinya, dada."

"Kwa nguvu?"

"Nguvu zangu zote. Nikakuita pia. Sikioni."

Alizigusa zile alama kwa kidole, moja moja. Nilingoja alie. Hakulia.

"Sikusikia kitu," akasema. "Basi siku ile, hata kama aliniita, nisingesikia."

Sikujua kama alichokisema kilimpunguzia mzigo au kilimwongezea. Aliteremsha mkono wa blauzi akafunika alama. Kisha akachukua kikombe, nami nikabeba bakuli, tukatoka nje kumwaga maji chini ya mwarobaini.